Dalili kwa mmoja, chanzo kwa mwingine: utatuzi wa matatizo ya vimelea zizini na shambani, Nyanda za Juu Kusini

Ng'ombe anakonda, mahindi yananyauka, nyama ina punje nyeupe: wa kwanza kuulizwa ni muuza dawa. Mara nyingi dawa ipo na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba vimelea vingi haviishi kwa mwenyeji mmoja tangu kuzaliwa hadi kufa. Kinachomla ng'ombe leo kilikuwa ndani ya konokono miezi michache iliyopita, na kilichomo kwenye paja la nguruwe kilitoka kwenye utumbo wa mtu. Ukitibu pale unapoiona dalili tu, utanunua dawa ileile kila msimu. Kwa hiyo kwa kila dalili hapa chini kuna maswali mawili: kimelea hiki kilitoka wapi, na kinasubiri kwenda wapi?

Nyama ya nguruwe ina punje nyeupe

Mchinjaji anakata bega, anakuta vifuko vyenye maji, vikubwa kama punje ya mchele hadi njegere, na ndani ya kila kimoja nukta nyeupe. Nukta hiyo ni kichwa cha tegu wa nguruwe, Taenia solium, kilichojikunja kikisubiri kuliwa. Ugonjwa huu umethibitishwa Mbozi, Mbeya Vijijini na Iringa Vijijini, hasa pale nguruwe wanapoachiwa wajitafutie.

Nguruwe hakuambukizwa na nguruwe mwenzake. Alikula kinyesi cha mtu mwenye tegu, au chakula na maji yaliyochafuliwa nacho. Pingili moja ya tegu inaweza kubeba mayai hadi 50,000. Yai likifika tumboni mwa nguruwe linapasuka, kiluwiluwi kinatoboa utumbo, kinasafiri kwa damu na kutulia kwenye misuli, ulimi, moyo na ubongo. Baada ya miezi miwili hadi mitatu kifuko kimekomaa. Muda wote huo nguruwe anakula, ananenepa na kwa kawaida haonyeshi ugonjwa wowote. Ndivyo inavyokifaa kimelea: safari yake inaendelea nguruwe akichinjwa na kuliwa, si akifa porini.

Kupima ukiwa zizini: mlaze nguruwe ubavu, pitisha kipande cha mti mdomoni asiume, vuta ulimi kwa kitambaa kikavu, angalia upande wa chini kisha upapase taratibu kwa kidole. Ukihisi vijipu vidogo vya mviringo, jibu ni ndiyo. Usipohisi kitu, jibu bado si hapana, maana mwenye vifuko vichache hupita kipimo hiki bila kugundulika. Wanunuzi wengi hudanganyika hapo.

Dawa ni oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa mdomo, mara moja. Makosa huanzia kwenye uzito. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe wa mzunguko wa mita 0.9 na urefu wa mita 0.9 ana kilo 50 hivi, kwa hiyo anahitaji miligramu 1,500. Dawa ya asilimia 10 ni ml 15. Ile nyepesi ya ng'ombe, yenye miligramu 22.65 kwa kila ml, ni ml 66. Anayempa ml 15 za hiyo nyepesi amempa chini ya robo ya dozi, halafu atasema dawa ni feki.

Usichinje kabla ya siku 21 kupita, na lebo ikitaja siku zaidi, fuata lebo. Vifuko vilivyokufa navyo havitoweki mara moja, huacha alama kwenye nyama kwa wiki kadhaa. Nguruwe wa kuuza apewe dawa miezi mitatu kabla ya soko, kisha akae bandani. Ukimtibu na kumwachia tena, mzunguko unaanza upya.

Upande wa watu ndiko tatizo linakozaliwa. Anayekula kitimoto isiyoiva anapata tegu la utumboni, utepe wa mita kadhaa unaoweza kuishi ndani yake miaka. Anayemeza mayai, kupitia mikono, mboga au maji, ndiye anayepata vifuko mwilini, na vikikaa kwenye ubongo huleta kifafa. Kwa hiyo "mimi sili nguruwe" si kinga. Mpishi mwenye tegu asiyenawa baada ya kutoka chooni anaweza kuwaambukiza watu ambao hawajaonja kitimoto maishani mwao.

Ukiona pingili bapa nyeupe kwenye kinyesi, nenda kituo cha afya, na watu wote wa nyumbani wapimwe. Usijinunulie prazikwanteli dukani. Kama kuna vifuko kwenye ubongo, dawa inaweza kuchochea degedege, na hilo linahitaji daktari. Mtu mzima aliyeanza kuanguka kifafa ukubwani amweleze daktari kwamba anatoka eneo la wafuga nguruwe.

Jikoni, kata vipande vidogo. Mnofu mkubwa huiva nje na kubaki wa waridi katikati, na huko katikati ndiko kifuko kinakopona. Kugandisha kunaua pia: nyuzi 5 chini ya sifuri kwa siku 4, nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku 3, au nyuzi 24 chini ya sifuri kwa siku 1. Friji ya kawaida ya kuweka soda haifiki huko.

Uvimbe chini ya taya

Bonyeza kwa kidole. Ukiacha shimo linalorudi polepole, ni maji. Uvimbe wa maji huonekana zaidi jioni baada ya mnyama kushinda ameinamisha kichwa, na asubuhi hupungua. Ukiwa mgumu kama mfupa au una usaha, hilo ni tatizo jingine, si minyoo.

Maji hayo yanatoka kwenye mishipa kwa sababu protini ya damu imepungua, na aliyeila anaweza kuwa mmoja kati ya wawili. Vuta chini ngozi ya jicho.

Kwa mbuzi au kondoo mwenye utando mweupe kama karatasi, asiyeharisha, shuku kwanza Haemonchus contortus, mnyoo duara wa tumbo la nne. Mnyoo mmoja hunyonya kama ml 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 1,000 ni ml 50 kila siku, na mbuzi wa kilo 20 hawezi kufidia upungufu huo. Hapa mbuzi anaweza kufa akiwa bado na mwili, kabla hajakonda.

Usiwape dawa wote kwa pamoja kila mwezi. Tumia kadi ya rangi ya macho ya daraja 1 hadi 5: watibu wa 4 na 5, na wa 3 kama ni wadogo au wana mimba. Ukiua kila mnyoo unaoweza kuuawa, wanaobaki kuzaa ni wale tu walioshinda dawa. Wale walio ndani ya mbuzi wenye afya wanaendelea kuzaa minyoo ambayo dawa bado inaiua, na kuwaacha ni faida yako. Jambo jingine: mwili wa mbuzi huivunja albendazoli, dawa ya minyoo, haraka kuliko wa kondoo, hivyo dozi ya kondoo haimtoshi. Muulize afisa mifugo dozi ya mbuzi. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, usiiongeze kwa kukisia, kwa sababu tofauti kati ya kutibu na kudhuru ni ndogo.

Kwa ng'ombe anayekonda taratibu, maziwa yakipungua, anayelishwa bondeni au kando ya vinyungu (bustani za bondeni) kiangazi, shuku mnyoo wa ini. Kuna aina mbili hapa kwetu, na tofauti yake inaamua utafute wapi. Kwenye baridi ya juu kama Kitulo yupo Fasciola hepatica, ambaye konokono wake ni mdogo, anaishi kwenye matope yaliyolowana, hata ndani ya alama ya kwato. Sehemu za chini zenye joto yupo Fasciola gigantica, ambaye konokono wake anataka maji yenyewe: mifereji, madimbwi, maji yanayokwenda polepole. Katika hali zote mbili viluwiluwi hutoka kwa konokono, vinajibandika kwenye majani karibu na maji na kujifunga ganda. Ng'ombe huvila pamoja na majani.

Kiangazi ndipo wanapoambukizwa kwa wingi, kwa sababu ndipo majani mabichi yanapobaki bondeni peke yake. Dalili huja miezi kadhaa baadaye, na mfugaji anakuwa ameshasahau walilishwa wapi.

Dawa inakosea hivi. Albendazoli huua minyoo ya ini iliyokomaa tu, na kwa dozi kubwa ya miligramu 10 kwa kilo, si ile ya 7.5 ya minyoo ya kawaida. Haifai kwa ng'ombe aliye mwezi wa kwanza wa mimba. Triklabendazoli, miligramu 12 kwa kilo kwa ng'ombe, huua na wachanga wanaotafuna ini. Kukadiria uzito: mzunguko wa kifua kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, gawanya kwa 10,840. Mzunguko 150 na urefu 130 ni kilo 270. Triklabendazoli ya asilimia 10 kwake ni ml 32 hadi 33, albendazoli ya asilimia 10 ni ml 27. Kwa ng'ombe anayekamuliwa, soma lebo kuhusu maziwa kabla hujafungua chupa.

Ukipeleka kinyesi maabara, kichukue kwenye njia ya haja kubwa, si chini, kiweke kwenye chombo safi kilichofungwa, kikae pa baridi na kifike ndani ya siku moja. Kanda yetu ina maabara ya veterinari Iringa mjini. Taja kwamba unashuku mnyoo wa ini, kwa sababu mayai yake ni mazito. Kipimo cha kuelea, kinachotumika kwa minyoo duara, huyapita, na kinachohitajika ni cha kutuama. Majibu ya "hakuna minyoo" kwa ng'ombe mwenye ini lililojaa huanzia hapo. Tena mayai hayaonekani kabla ya wiki 10 hadi 16 tangu kuambukizwa.

Machinjioni jibu ni la papo hapo: mirija ya nyongo imekuwa minene kama bomba, kisu kikipita kinakwaruza, na ukiibana hutoka minyoo bapa kama jani.

Ndama ana homa na matezi yamevimba

Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Matezi makubwa pamoja na joto la nyuzi 40 au zaidi ni ndigana kali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akianza kupumua kwa shida na povu kutoka puani, umechelewa sana. Dawa yake ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo, sindano ya msuli, na inafaa ikitolewa mapema. Mkojo ukiwa mwekundu, fikiria babesia, kimelea kingine kinacholetwa na kupe. Akiwa na manjano, kinyesi kigumu na mkojo usio mwekundu, fikiria ndigana baridi. Dawa za hayo mawili si buparvakwoni, kwa hiyo usichome kwa kubahatisha. Mwite daktari wa mifugo achukue damu na majimaji ya tezi.

Chanzo cha ndigana kali ni kupe masikio, ambaye hunyonya wenyeji watatu maishani mwake: akiwa mchanga, akiwa wa kati na akiwa mkubwa. Anachukua vimelea kwa ng'ombe mmoja akiwa katika hatua moja, anaviingiza kwa mwingine akiwa katika hatua inayofuata. Ndiyo maana ng'ombe wa maziwa wa Rungwe asiyetoka bandani anaugua: kupe amekuja na mzigo wa majani yaliyokatwa malishoni.

Unaogesha na bado kupe wapo? Angalia ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Wengi hulowesha mgongo tu. Amitrazi ya asilimia 12.5 ni ml 20 kwa lita 10 za maji, na ng'ombe mkubwa hawezi kulowana vizuri kwa chini ya lita 4. Kupe akishang'ata hupita siku kama tatu au nne kabla vimelea havijaiva kwenye mate yake. Katika siku hizo ukimuua, umemwokoa ndama. Mara moja kwa wiki ni kiwango cha chini wakati wa mvua, na kupe wakiwa wengi, mara mbili. Punda usimwogeshe kwa amitrazi, humdhuru.

Mahindi au mpunga umesinyaa na ardhi ina maji

Mmea una njano, umedumaa, majani yamejikunja kama wenye kiu, na udongo chini yake una unyevu. Usivute. Chimba kwa jembe kuzunguka shina, sentimita 20 kila upande, osha mizizi kwenye ndoo. Vichipukizi vyeupe vilivyojishika kwenye mzizi ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, ambacho bado hakijatoka ardhini. Kitatokeza wiki 4 hadi 7 baada ya kupanda, lakini hasara kubwa imeshafanyika kikiwa chini.

Mbegu ya kiduha ni vumbi, robo ya milimita hivi. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu, na hukaa ardhini miaka zaidi ya 10. Haioti hovyo: inasubiri harufu ya kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mwenyeji. Hapo ndipo unapoweza kuitega. Alizeti, soya na karanga huiamsha mbegu lakini mizizi yao haiishiki, hivyo inaota na kufa. Msimu mmoja hautoshi kusafisha shamba. Zungusha mazao hayo kwa miaka kadhaa, ongeza samadi, changanya kunde, na ng'oa kila kiduha kabla hakijatoa ua. Kilichokwisha kutoa ua usikitupe kando ya shamba. Kichome.

Kyela wakulima wa mpunga wana maadui wawili, na kinachomzuia mmoja humsaidia mwingine. Juu, kwenye udongo usiotuamisha maji, kipo kiduha cha maua mekundu, Striga asiatica. Chini, kwenye maji, ipo mbosyo, Rhamphicarpa fistulosa, yenye majani membamba yaliyochanika na maua meupe ya mrija mrefu yanayofunguka usiku. Mbosyo haihitaji harufu ya mwenyeji ili iote, inahitaji mwanga na unyevu, na inaweza kuishi bila mpunga ingawa hustawi zaidi ikiunyonya. Kwa hiyo hesabu ya kupanda inageuka. Kwenye shamba la kiduha, kuchelewesha kupanda hupunguza mashambulizi. Kwenye shamba la mbosyo, panda mapema, mpunga uwe umekomaa nguvu kabla mbosyo haijashika. Shamba moja likishuka kutoka mteremkoni hadi bondeni, linaweza kuhitaji tarehe mbili.

Nyanya zinanyauka saa sita na kuamka jioni

Kwa wakulima wa Ilula swali ni minyoo fundo au mnyauko bakteria. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni bakteria. Ng'oa na choma. Maji yakibaki safi, chimba mizizi. Vifundo vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka, ni minyoo fundo. Usichanganye na vinundu vya maharage, ambavyo hubanduka kwa kucha na ndani ni vya waridi. Hivyo ni rafiki. Kwa minyoo fundo, usipande nyanya, biringanya, hoho wala tumbaku kwenye eneo hilo, tafuta mbegu yenye ukinzani, na kitalu kifunike kwa nailoni angavu juani wiki 4 hadi 6 kikiwa na unyevu.

Tawi la parachichi lina majani ya mti mwingine

Ni kirukia. Ndege alikula tunda lake na kuacha mbegu yenye ulimbo kwenye tawi. Kinajitengenezea chakula kwa jua lakini kinachukua maji ya mti, kwa hiyo ncha ya tawi hukauka kwanza. Kukwanyua majani hakusaidii, mzizi wake umo ndani ya mti. Kata tawi sentimita 30 kuelekea shinani kutoka pale kilipoingia, kabla matunda ya kirukia hayajaiva.

Kiwavi wa mahindi amezungukwa na vifukofuko vyeupe

Unapasua bua, unakuta kiwavi amelegea, na kando yake rundo la vitu kama punje ndogo za mchele. Wengi hudhani ni mayai yake na kuvisaga kwa kidole. Viache. Ni vifukofuko vya nyigu mdogo wa jamii ya Cotesia, ambaye alitaga ndani ya kiwavi, watoto wakamla kwa ndani, wakatoboa ngozi na kujifuma nje. Kiwavi huyo hatakuwa nondo tena.

Kiwavi naye hujitetea: damu yake inaweza kulizingira yai la nyigu na kulikaba. Bungua wa bua wa nyanda za juu, Busseola fusca, hulishinda hivyo yai la nyigu wa Cotesia sesamiae anayetoka pwani, lakini nyigu wa bara wa spishi hiyohiyo humshinda yeye. Kwa hiyo nyigu aliyemo shambani mwako tayari ana thamani. Ukikuta vifukofuko kwenye mabua mengi, subiri kabla ya kupuliza sumu, na bua lenye vifukofuko liegeshe kivulini pembeni ya shamba, nyigu watoke ndani ya siku chache.